Wiki Mbili za Kutazama Sakafu

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu naijua kuliko mtu yeyote Kangundo, kwa kuwa nikiwa na miaka kumi na mmoja nililala kifudifudi juu yake kwa wiki mbili. Nilikuwa mtoto wa miwani mizito, ile inayofanya macho yafanane na ya panya. Muhula huo jicho la kushoto lilianza kurusha cheche, kisha kivuli kikashuka kama pazia. Sikumwambia mtu, nilishuku wangeniongezea uzito wa miwani. Nilipougonga mwimo wa mlango uliokuwa wazi kabisa, mama alinipeleka Nairobi. Daktari alieleza kwamba jicho lisiloona mbali hurefuka, na utando wa nyuma unaopokea picha huvutika. Wangu ulikuwa umebanduka. Aliurudisha, akajaza hewa maalumu jichoni iusukume mpaka ugande. Hewa hupanda juu, hivyo uso ulipaswa kutazama chini. Kama ningeinua kichwa ungebanduka tena, na hakuahidi kuuokoa mara ya pili.

Mama alikuwa mwalimu, kwa hiyo mchana nililindwa na bibi yangu, Susu, ambaye hakumwamini daktari, wala mganga, wala mzani wa kiwanda cha kahawa. "Hewa inatiwa gurudumu," alisema. Kijijini ilishasemwa kwamba jicho langu limetolewa, na lisemwalo lipo. Kama halipo, laja. Siku ya nne wakaja akina mama wa kanisa, na unga na sukari. Kwetu mgonjwa huombewa ameketi, uso juu, mikono ya watu kichwani. Mimi niliwapa kisogo.

"Inuka, mwanangu, upokee baraka," alisema Mama Mutheu, mwenyekiti wao. "Tumeombea watu wengi, na hakuna ametuonyesha kisogo."

"Hicho kisogo pia ni Mungu aliumba," Susu akajibu. "Ombea hapo hapo."

Mkono wa Mama Mutheu ulikuwa tayari chini ya kidevu changu, ukiinua. Fimbo ya Susu ikagonga sakafu karibu kabisa na vidole vya miguu ya mgeni. Mkono ukaondoka. Wakakiombea kisogo kwa sauti za watu wasioridhika, na mlangoni mmoja akanong'ona, "Si waseme tu walimtoa jicho."

Hapo Susu mwenyewe alishindwa na shaka. Alifunga mlango, akajilaza chali na kujisogeza, akiguna kwa ajili ya magoti, mpaka uso wake ukawa chini ya wangu. Akabandua plasta iliyofunika jicho la kushoto, akaliziba jicho langu la kulia kwa kiganja.

"Liko. Limeiva kama nyanya, lakini liko. Hizi ni vidole ngapi?"

Niliona giza likitikisika kama mafuta ndani ya chupa. "Tatu, Susu."

Alirudisha plasta mahali pake. "Sawa. Mama yako usimwambie nimeangalia." Hadi leo sijui aliinua vingapi.

Hewa ilipopungua, nuru ilirudi polepole, ingawa kwa jicho hilo kila mlingoti wa bendera umepinda. Siku hizi binti yangu, aliyerithi macho yangu badala ya akili za mama yake, hupigwa picha ya nyuma ya jicho mjini Machakos kwa dakika chache tu. Juzi daktari alinionyesha kwenye kompyuta: utando wa binti umeshika vizuri. Nikashukuru kama msomi anayeamini mashine. Tulipofika nje nikamwuliza binti kama huwa anaona cheche.

"Sioni, Baba."

Alijibu haraka mno. Nikamshika mkono, tukarudi ndani.