Mayai ya Jaafar

Kwa miaka mingi Raihana alikuwa mtu wa kuamka kabla ya wengine. Mtaa mzima wa Shela, pale Malindi, ulijua mahamri yake, na wapo waliosema kwamba harufu yake iliwaamsha kabla ya adhana. Wazazi wake walikuwa Wabajuni wa Faza, na ukandaji wa unga aliufunzwa na mama yake angali mdogo, hata kuufikia ubao hawezi ila apande kigoda.

Kisha mikono ikamgomea. Vidole vilianza kuuma kidogokidogo, baadaye vikavimba kwenye maungo, mwishowe kukawa hakuna asubuhi ambayo haviamki vimejikunja. Kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili. Daktari alimwambia ni baridi yabisi, akampa vidonge. Raihana akaacha kuuza mahamri, halafu akaacha hata kumpikia mumewe. Nyumbani walikuwa wawili tu, maana binti yao Harusi alishaolewa Mombasa.

Mume huyo, Jaafar, alikuwa fundi wa injini za boti, mikono yake haiishi grisi, na katika maisha yake hajawahi hata kuchemsha maji ya chai. Siku moja akarudi amekumbatia oveni ndogo ya umeme, ile ya kuweka mezani, aliyoinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akihama.

"Hiyo utaifanyia nini?" Raihana akauliza huku akicheka.

"Nitakupikia."

"Wewe? Hata chumvi hujui inakaa wapi!"

"Umenilisha tangu nina nywele kichwani, bibi. Sasa zamu yangu. Wewe lala."

Basi akajifunza chakula kimoja, hicho hicho kila asubuhi: mboga na mayai ndani ya bakuli la udongo. Na jikoni hakutaka mtu. "Ukiingia yataharibika," alisema. Raihana akawa analala kitandani akisikiliza. Mwanzoni aliona haya, majirani watasema nini. Baadaye akaona kwamba kwa siku nzima hakuna saa aipendayo kama ile.

Jaafar alifariki msimu wa mvua kubwa. Alianguka karakanani baada ya sala ya adhuhuri, na kabla hajafikishwa hospitali roho ilikuwa imeshatoka.

Raihana akakaa eda. Siku za mwanzo nyumba ilijaa watu na masinia ya wali. Harusi alikuja na watoto, akakaa mpaka ruhusa yake kazini ikaisha. Kisha watu wakapungua, kama ilivyo kawaida, kila mmoja ana yake. Raihana akaifunika ile oveni kwa kanga, akawa asubuhi anakunywa chai ya rangi, basi. Mchana akionja ndizi, amekula.

Aliyeliona hilo ni Mueni, mpangaji wao wa chumba cha uani, Mkamba aliyekuja pwani kufanya kazi ya ususi. Asubuhi moja alibisha hodi, asiitikiwe. Akaingia, akamkuta Raihana amekaa sakafuni jikoni, ameegemea ukuta, macho yamelegea.

"Mama! Umeanguka?"

"Kizunguzungu tu, mwanangu. Nilitaka maji."

Mueni akamwinua, akamkalisha kitini, akamnywesha maji yenye sukari. Akasimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Mama, mimi si mtoto wako wa kuzaa, lakini leo hunifukuzi. Niambie kitu utakachokula, nami nitakipika."

Raihana akaonyesha kwa kidevu kule kwenye kanga iliyofunika oveni.

"Mayai yake. Lakini sijui alivyoyapika. Nilikuwa nikisikia tu."

"Basi niambie ulivyosikia."

Raihana akafumba macho. Alisikia kisu kwanza, kikikata kitunguu, nyanya na pilipili hoho. Mchicha ulikuja mwisho, hauna kelele ila maji ya kuuoshea. Halafu mlango wa oveni, kwiii, ukifunguliwa na kufungwa. Kitambo kirefu. Mlango tena, na mayai yakipasuliwa kwenye ukingo wa bakuli, moja, jingine. Mlango mara ya tatu. Kisha kengele ya oveni.

"Kwa hiyo mboga zinatangulia, zilainike," Mueni akasema, "mayai yanafuata juu."

Akapaka bakuli mafuta, akafanya hivyo hivyo. Kengele ilipolia akayatoa. Mayai yalikuwa yamekauka, kiini kigumu kama chaki. Raihana akaonja, akatikisa kichwa.

"Yake yalikuwa yakitiririka."

Kesho yake Mueni akarudi kabla ya kwenda saluni. Walipofika kwenye mayai, Raihana akashtuka.

"Ngoja! Hakuwa akiingoja kengele. Alikuwa akifungua mlango kwanza, anaweka bakuli mezani, ananiita, 'Raihana, kumekucha.' Nikiwa navaa viatu ndipo naisikia kengele."

Mueni akayatoa mapema, meupe kwa juu na bado yanatikisika. Bakuli lilikuwa la moto, likayamalizia lenyewe pale mezani. Raihana akachovya kipande cha mkate wa boflo, akala, akatafuna polepole.

"Ndiyo haya," akasema. "Wallahi, ndiyo haya."

Ndipo akalia. Tangu msiba hakuwa amelia namna ile, kwa sauti, mabega yakitikisika, na Mueni hakumwambia anyamaze. Bakuli likapoa bila kumalizwa. Lakini siku iliyofuata alikula nusu, na baada ya wiki kadhaa akawa anapasua mayai mwenyewe, kwa shida, akitoa vipande vya maganda kwa ncha ya kijiko.

Eda ilipokwisha alivaa buibui, akaenda sokoni kutafuta mboga. Kwenye meza ya nyanya alimkuta muuzaji kutoka Kakuyuni, jina lake Kaingu, hawafahamiani. Alipochagua nyanya, hoho na mchicha, yule bwana akatabasamu.

"Shikamoo, mama. Kuna mzee mmoja fundi hununua hivi hivi, kidogokidogo, kila jioni. Akiniambia ni za bibi yake, nisimtilie zilizopondeka. Siku nyingi simwoni. Amehama?"

Raihana akashika ukingo wa meza.

"Bibi yake ni mimi," akasema. "Ametangulia mbele ya haki, mwanangu."

Kaingu alivua kofia. Akampa pole, akairudia mara mbili tatu. Kisha akazimwaga zile nyanya zilizokuwa kwenye mfuko, akaanza kumchagulia upya, moja moja, akizigeuza mkononi, na Raihana akasimama pale juani akimngoja.