Siku Tuliyokwenda Kuona Majani Mount Wilson

Mtu akiniuliza wapi pazuri kuona majani yakigeuka rangi hapa Sydney na pembezoni mwake, namwambia aende Mount Wilson, mwanzoni mwa Mei. Akichelewa, aende Leura. Akichelewa zaidi, abaki mjini na aingie bustani ya Auburn, kwa sababu huku chini baridi inakuja taratibu na miti inakawia. Nilijifunza haya mwaka wa pili wa korona, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa haraka, kwa sababu mama yangu alikuwa anakufa.

Mama alikuwa Muheza, nyumbani kwa dada yangu. Figo zilikuwa zimeshindwa, na hospitali ilikuwa imemwambia kaka yangu amrudishe akapumzike. Sote tulielewa maana yake. Mimi nilikuwa Granville, magharibi mwa Sydney, nafanya kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala moja Wetherill Park. Mipaka ilikuwa imefungwa, na kutoka Australia ilibidi uombe ruhusa. Niliomba, sikujibiwa. Na niseme kweli, hata kama wangenijibu, sijui kama ningekwenda. Waliotoka walikuwa wanakwama huko miezi, na mimi niliogopa kupoteza kazi. Sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani jambo hili.

Kilichobaki ni simu. Mwezi wa nne nilimtumia mama picha ya mti mmoja mwekundu niliouona Smithfield karibu na kituo cha basi. Jioni tukazungumza.

"Mti huo unaumwa?" akaniuliza.

"Hauumwi, mama. Ndivyo unavyofanya kabla ya baridi. Majani yanakuwa mekundu, halafu yanapukutika yote."

"Kama mti wa mkungu?"

"Kama mkungu, lakini mtaa mzima."

"Mtaa mzima!" Akacheka mpaka akakohoa. "Nimemwambia jirani yangu, akasema binti yako anakudanganya, mwanamke mzima unadanganywa kwa simu. Basi nionyeshe. Lakini picha sitaki, picha mnazichezea. Nataka nikuone umesimama chini yake unaongea na mimi."

Hilo tu ndilo aliloomba. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Nikaapa kwamba atauona mtaa mzima mwekundu, na mimi nikiwa katikati yake, kabla hajafumba macho.

Sikuwa na gari wala leseni. Aliyenipeleka ni rafiki yangu wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, amenizidi umri kama miaka kumi. Namwita yaya, kama wenzake wanavyomwita dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga mkanda wa mgongo siku yangu ya kwanza ghalani. Tulianza na Auburn, kwa kuwa ni karibu. Miti bado ilikuwa ya kijani, na tausi mmoja akatufuata akitaka mkate.

"Mudogo yangu," yaya akasema, "hii miti inatucheka. Inasema, bamama babili bametoka kwao kuja kutazama majani, kama hakuna majani kule kwao."

Kazini akawauliza watu wa zamu ya asubuhi, Waaustralia wa miaka mingi, wakamwambia mjini bado, apande milimani ambako baridi inatangulia. Wa kwanza akasema Leura, mwingine akasema Blackheath, na mzee mmoja anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo akasema hayo yote ni ya wageni, sisi twende Mount Wilson.

Kabla ya Jumamosi tuliyopanga kupanda huko, kaka yangu alinipigia. Akauliza habari za kazi, akauliza hali ya hewa, halafu akasema, "Hapo una mtu wa karibu? Mtu mzima. Nipe namba yake, tusikupoteze."

Nikampa namba ya yaya. Nilijua namba ile ni ya kazi gani. Kwetu habari ya msiba haipelekwi moja kwa moja kwa mwenyewe, hasa akiwa mbali. Anatafutwa mtu wa kukaa naye, anafikishwa nyumbani, anakalishwa, ikiwezekana anakuwa amekula, ndipo anaambiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na kijana mmoja wa Kigoma saa tatu nzima, nikampikia wali, nikamwangalia anakula huku najua kaka yake amezama ziwani. Niliona nimemfanyia wema.

Jumamosi tulitoka Granville asubuhi. Siku ilikuwa safi, baridi kavu. Mpango ulikuwa rahisi. Saa nane mchana ya Sydney ni saa moja asubuhi Muheza, wakati dada yangu anapomkalisha mama na kumpa uji. Saa hiyo nimpigie nikiwa chini ya miti.

Mount Wilson ni kijiji kidogo juu ya mlima. Unaacha barabara kubwa, unapita msitu wa miti ya hapa ambayo haibadiliki rangi, unadhani umepotea. Halafu barabara inainuka na pande zote mbili imesimama miti ya kizungu iliyopandwa zamani, mikubwa, na yote ilikuwa inawaka. Nyekundu, njano, rangi ya chungwa, na nyingine rangi ya damu ya mzee. Majani yalikuwa yanaanguka pasipo upepo, moja moja. Magari yalikuwa yamepangwa pembeni, kwa sababu mwaka ule hakuna mtu wa Sydney aliyeweza kusafiri nje, wote walikuwa wamekuja huku. Wazee wenye viti vya kukunja, watoto wanarushiana majani. Yaya alisimama katikati ya njia, mikono kichwani.

"Seigneur," akasema, akimwita Bwana kwa Kifaransa. "Na hakuna mutu anafagia?"

Nikacheka sana. Tangu mama augue sikuwa nimecheka vile. Nikatoa simu nijaribu mapema, nikakuta haina mtandao kabisa. Yake pia. Mtu mmoja akatuambia huku ndivyo kulivyo, turudi hadi Blackheath. Tulikuwa na muda, kwa hiyo hatukuharakisha. Tulitembea chini ya miti ile zaidi ya saa nzima. Tulikula chapati tulizobeba. Yaya akajaza kofia yake majani akanimwagia kichwani, nikamfukuza kama mtoto. Ilikuwa saa sita mchana, labda imepita kidogo.

Baadaye nilipiga hesabu. Saa ile kwao ilikuwa alfajiri, na ndiyo saa ambayo mama yangu alikata roho. Nilikuwa nakimbia kwenye majani, nacheka.

Tulipofika Blackheath tukasimama kwenye maegesho, yaya akasema anakwenda chooni. Nilimwona kupitia kioo cha gari akipokea simu njiani. Alinipa mgongo. Alisimama muda mrefu, mkono mmoja ameushika ukuta. Nilidhani ni mwanawe, maana walikuwa na mgogoro. Kundi la familia kwenye simu yangu lilikuwa kimya. Dada yangu hutuma salamu kila asubuhi, siku ile hakutuma, na mimi nikasema moyoni amechoka na kuuguza.

Yaya akarudi amevaa barakoa, ingawa tulikuwa nje.

"Twende Leura," akasema. "Kule kuna mutaa muzuri, wamesema."

Huko Leura, ilipofika saa nane, nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Réseau, mutandao ya kule, haiko muzuri," yaya akasema. "Rekodi tu. Utatuma."

"Alitaka aniangalie moja kwa moja."

"Najua. Rekodi, mudogo yangu."

Nikampa simu, nikasimama chini ya mti mmoja mwekundu, mtaa wote nyuma yangu. Nikamwambia mama, shikamoo. Nikamwambia, huu hapa mtaa mzima, mwite jirani yako aje aone nani mwongo. Nikaokota majani nikayasogeza karibu, nikageuka huku na huku, nikamwonyesha mpaka paa la nyumba lililofunikwa. Nikamwambia nakuja mipaka ikifunguliwa, asichoke kunisubiri. Simu ilikuwa inatikisika mkononi mwa yaya.

"Shika vizuri basi," nikamgombeza. "Mama atapata kizunguzungu."

Akaishika kwa mikono miwili.

Halafu akasisitiza tule. Akaninunulia chipsi na chai, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, yeye hakugusa kitu. Hapo nadhani mwili wangu ulikuwa umeshajua. Lakini sikuuliza. Ningeuliza angeshindwa kunidanganya usoni, na mimi sikuuliza. Njiani kurudi alikuwa anaendesha polepole kupita kiasi, na magari yakatupigia honi hadi Penrith.

Mlangoni kwangu kulikuwa na viatu vya watu. Wiki zile wageni nyumbani walikuwa na kikomo, kwa hiyo havikuwa vingi, lakini vilikuwa vimepangwa vizuri, na mpangaji mwenzangu ninayeishi naye hana wageni wanaopanga viatu. Niliviangalia nikakaa palepale kwenye ngazi. Yaya akakaa nami, akaniambia akiwa amenishika mabega kwa nguvu, kama ninavyojua mtu anavyoshikwa.

Nilipompata dada yangu kwenye simu, mama alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Kuosha mama ni kazi ya mabinti. Nisingeweza kufika, lakini ningeweza kuwekwa pale kwa simu, nikaitikia dua wanazosoma, nikaona uso wake kabla haujafunikwa. Nilimwambia dada afunue kidogo. Akalia, akasema wameshafunga. Walimzika baada ya adhuhuri yao.

Sikumlaumu kaka. Nilimlaumu yaya. Nilijua sio haki, nikamlaumu. Nilianza kwenda kazini kwa treni na basi, mwendo wa saa moja na nusu, ili nisikae naye kwenye gari lake kama zamani. Ilipokuja karantini ya mwezi wa sita alikuwa akiniachia sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mlangoni, anabisha, anashuka ngazi kabla sijafungua. Nilikula. Sufuria niliziosha nikazirudisha kwa mtu mwingine.

Mwaka mwingine ukafika na majani yake. Mei nikamkuta yaya chumba cha chai ghalani, peke yake. Nikakaa mbele yake.

"Yaya, walikupigia saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kidogo. Blackheath."

"Kama ungeniambia pale, ningemwona."

"Njo vile." Alikubali, akiinamia kikombe chake. "Minaogopa barabara. Minaona utafungua mulango wa gari. Kaka yako akaniapisha. Halafu ukaanza kuongea na yeye kwenye simu, ukiwa na furaha, na mie minashika simu." Akasukuma kikombe kando. "Ungependa nikwambie pale pale?"

Nilitaka kusema hapana, nimpunguzie mzigo. Nikasema, "Ndiyo."

Hakujitetea. Akasema, "Basi unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Kwa mdomo ilikuwa kweli siku ile, na kwa moyo ilikuja baadaye, kidogo kidogo. Video sikuifuta. Dada yangu, niliyekuwa nimemtumia kulekule Leura, aliniambia kwamba siku ya tatu ya msiba aliwaonyesha wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka, na yule jirani akaomba airudie mara mbili, akasema kumbe mwenzake hakuwa anadanganywa. Nilifurahi kusikia, na nililia.

Jumapili baada ya kuzungumza na yaya nilimpigia kaka. Nikamwambia likitokea jambo tena, anipigie mimi mwenyewe, hata nikiwa njiani, hata nikiwa kazini. Asimtafute mtu.

Nikamsikia akifunga mlango upande wake.

"Hatuwezi, mdogo wangu," akasema. "Hapo ulipo nani atakuwa amekushika?"

"Hakuna," nikamwambia. "Sema tu ni wewe, kisha nisubiri. Nitatafuta mahali nikae chini mwenyewe, halafu uniambie."