Siku Niliyojifungia Nje ya Seva Mbele ya Wanachama

Nichekeni tu jamani, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata siku ile pale Dodoma mjini ilinitoa jasho mpaka kwenye kope, ingawa (niseme ukweli) nikiikumbuka leo kifua kinanijaa fahari.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ushirika wetu wa mahindi, na seva yenye rekodi za mizani iko ghalani Kibaigwa, naisimamia nikiwa mjini. Zamani ilifunguliwa kwa neno la siri, yaani paswedi, na makarani walikuwa wamelibandika ukutani (ndiyo, ukutani, juu ya kalenda!), mpaka mtu akaingia akapunguza kwenye rekodi magunia kumi na mawili ya Mama Nyemo, mwanachama wetu. Tuliyasahihisha, lakini mama akaapa kuondoa mahindi yake yote, na nusu ya wenzake wakasema wanamfuata.

Nikatengeneza cheti, yaani faili la siri linalokaa ndani ya kompyuta yangu. Seva ikiliona inanifungulia, isipoliona hata ulie machozi. Nikakijaribu nyumbani, safi kabisa. Siku ya mkutano mkuu nikatakiwa kuwaonyesha wanachama kwa projekta. Sasa laptopu yangu imefungwa kwa rababendi, herufi tatu hazipo, nikaona haya, nikaazima ya meneja, mpya inang'aa.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikaingia kwa neno la siri, nikawatambia, "Angalieni, mlango wa paswedi naufunga moja kwa moja!" Makofi! Nikatoka ili niingie upya kwa cheti, seva ikanikataa. Nikajaribu tena, ikanikataa. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba cheti kiko kwenye ile mbovu, juu ya kitanda changu nyumbani Ipagala. Wee!

Mama Nyemo akasimama. "Mwanangu, umeshindwa kuingia?"

"Shikamoo mama... ndiyo." (Shikamoo ya nini tena, nilishamwamkia asubuhi!)

"Na paswedi unaijua?"

"Naijua."

"Na meneja akijaribu?"

"Naye haingii. Mpaka kompyuta yangu."

"Basi kailete."

Nikapanda bodaboda kwenda na kurudi, nikaingia ukumbini nimeikumbatia laptopu ya rababendi, watu hoi kwa vicheko, meneja kainamisha kichwa. Nikaiunganisha. Seva ikafunguka papo hapo, magunia ya Mama Nyemo yakatokea ukutani, na yale kumi na mawili yote yamo.

Mama akayahesabu kwa kidole, kisha akawageukia wenzake. "Aliyeufunga mlango mwenyewe, na paswedi anayo, kaachwa nje. Mwizi atapitia wapi? Mahindi yangu yabaki." Hakuna aliyeondoa hata gunia moja, na mimi nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Lakini nimeapa, sifungi tena mlango kabla ya kupapasa ufunguo mfukoni, wala siionei haya laptopu yangu. Siku hizi kila mkutano Mama Nyemo ananiuliza kwa sauti, ukumbi mzima usikie, "Mwanangu, ile ya rababendi umekuja nayo?" Nami nainyanyua juu waione.