Mapepeo ya Delmar

Mtu akiniambia Delmar Foshee aliharibiwa na cheo, namkatalia. Mimi ni binamu yake, nimekaanga kambare kwenye kampeni zake zote, na najua alikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukutaka kuona.

Alikuwa fundi viyoyozi, na fundi hodari. Huku kwetu kusini mwa Marekani, ukifika mwezi wa nane, fundi viyoyozi hupendwa kuliko mchungaji. Alizunguka kwa wajane wa wilaya nzima akiwatengenezea mashine zao na kuilaani kampuni ya umeme. Halafu akagombea ukamishna wa umeme wa jimbo. Watu wengi hata hawajui kwamba kiti hicho kinapigiwa kura, ndiyo maana kinamfaa sana mjanja. Makamishna ni watatu tu, na wao ndio huamua kampuni itutoze kiasi gani na itukatie lini.

Aliyempandisha jukwaani ni shangazi yetu, Ouida Tarpley, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Alivaa kofia yake ya Pasaka, akashika kipaza sauti.

"Huyu nimemsafisha masikio kwa mikono yangu. Akiwadanganya, msihangaike naye, njooni kwangu."

Watu wakacheka, wakala samaki. Delmar akagawa mapepeo ya kadibodi yenye uso wake, kama yale ambayo kampuni za mazishi huyagawa makanisani kujitangaza, na nyuma yake maneno: Delmar Atakupepea. Makanisa yote yakayaweka kwenye viti.

Akashinda, na mwaka wa kwanza alipinga bei mpya, peke yake, na picha yake ikatoka gazetini. Kisha mawakili wa kampuni wakamwalika kuwinda kulungu. Alirudi na kichwa chenye pembe cha kutundika ukutani, na tangu hapo bei ikipanda inaitwa marekebisho. Nilimkamata jikoni kwangu.

"Delmar, ni kweli umewapigia kura ya ndiyo?"

"Binamu, mambo haya ni mapana. Huwezi kuyaona ukiwa umeinamia karai la mafuta."

"Karai hilo ndilo lililokupa kiti."

"Na kambare wako hana mpinzani," akasema, akachukua kipande kingine.

Ningemmwagia yale mafuta. Badala yake nikamsogezea kabichi, na kwa hilo najichukia mpaka leo.

Kiangazi kile kamishna mmoja alileta pendekezo: siku joto likizidi nyuzi tisini na tano kwa kipimo chetu cha Farenhaiti, nyumba yoyote isikatiwe umeme, hata kama bili imechelewa. Mwenzake alipinga. Ikabaki kura ya Delmar. Shangazi alikuwa na mapafu mabovu, analala na mashine ya kumsaidia kupumua, na bili zake zilikuwa nyuma. Nikampeleka kwa gari mwendo wa saa tatu nzima mpaka mji mkuu wa jimbo, akaseme mbele ya tume.

Walimpa dakika tatu na kengele. Hakuzimaliza.

"Delmar, mwanangu, jua la mwaka huu ni kali. Siombi hela ya mtu. Naomba tu wasinikatie kwenye joto."

Delmar alikuwa anatazama karatasi zake. "Asante, Bi. Tarpley," akasema, kwa sauti ya mtu anayehudumia foleni. "Naona jambo hili tulipeleke kwenye uchunguzi zaidi."

Uchunguzi wenyewe ulipangwa kuisha baada ya uchaguzi. Garini shangazi alisema mtoto yule lazima ana sababu zake.

Walimkatia shangazi umeme Jumanne moja ya mwezi wa nane, joto likiwa mia na moja. Jirani yake aliingia akamwambia anipigie simu, au ampigie Delmar. Akakataa, akasema habari ikifika gazetini itamwaibisha kijana wakati wa kampeni. Asubuhi jirani alimkuta kwenye kiti chake, ameshakufa, pepeo la Delmar liko mapajani.

Siku ya mazishi kiyoyozi cha kanisa kilizidiwa na umati. Nilikuwa nimefika mapema, nikakusanya mapepeo yote kwenye viti, nikayafungia kwenye buti la gari. Delmar akaja na suti nyeusi, maana yeye ndiye wa kutoa neno la kuaga. Akatazama viti.

"Binamu, watu wanaungua humu. Mapepeo yangu yako wapi?"

"Nimeyapeleka kwenye uchunguzi zaidi."

Alinielewa, nilimwona. Kisha akapanda mimbarini akaongea dakika ishirini, jasho likimchuruzika, jinsi mama yule alivyomlea. Watu walilia. Wakamsubiri mlangoni wampe mkono.

Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tunatunza mpaka aibu. Mwezi wa kumi na moja alishinda tena. Kwetu kura hupigwa kwenye ukumbi wa kanisa lile lile, dirisha linatazama kaburi la shangazi, na hakuna kituo katika wilaya nzima kilichompa kura nyingi kama hicho.