Mama Amejua Kutuma Meseji

Wenye mama zao wameingia ngumbaru, ile shule ya watu wazima, tushikane mikono tuombe.

Leo wamefundishwa kuongea na simu ikuandikie meseji. Mama amerudi nyumbani na uso wa mtu aliyepata digrii.

Sasa Makokha, mchumba wangu, alikuwa akituletea vifaranga kutoka Navakholo, akajaribu njia ya mkato, akapotea.

(Makokha amekunywa chai kwetu miaka. Ukimuuliza mambo ya ndoa, bado "anajipanga".)

Mama akaona hapa ndipo pa kuonyesha masomo. Akaambia simu imwandikie Makokha atume mahali alipo.

Lakini mnajua vile sisi hutamkanga L huku kwetu.

Simu ikaandika: "Makokha, tuma mahari."

Ikaenda.

Tiki zikawa buluu. Nikampigia, hashiki. Woi!

Nikamkalisha Mama chini. "Mama, mahali ni pale mtu yuko. Mahari ni ng'ombe! Umenifukuzia bwana!"

Hakushtuka. Akavaa miwani. "Leta hiyo simu. Sasa nitaandika na vidole, vile mwalimu alituonyesha."

Nikashukuru Mungu. Akabonyeza herufi moja moja, mimi nachungulia begani kwake:

"Makokha, tuma mahari. Kama huna, tuma mahali tukufuate."

Kila L na kila R iko pale inafaa kukaa. Serikali, hiyo elimu ya watu wazima inafanya kazi. Punguzeni kidogo.

Vifaranga hawajafika mpaka saa hii.

Mwenye amemwona Makokha, tafadhali, atume mahali.