Uwanja Usio na Ukingo

Jua ndiyo kwanza linachungulia kijiji cha Ulemo, na mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika. Theodora Mughwai hajaonja hata uji. Anazunguka nyuma ya nyumba ya Mwalimu Luciana, anavua kandambili zake, kisha anasimama pembeni ya uwanja wa netiboli kama mtu anayeogopa kuingia chumba cha mgonjwa.

Anaweka mguu mmoja. Anaukandamiza. Anauinua na kuutazama unyayo.

"Hauna tope," anasema kwa sauti ndogo. Anaingia na mguu wa pili. "Ee Bwana, hauna tope!"

Kwa mpita njia ni udongo mwekundu tu, wenye milingoti miwili ya magoli. Kwa Theodora, mjane wa miaka hamsini na mitatu, ndiyo riziki iliyobaki.

Tangu usichana wake amekuwa fundi wa viwanja vya kupuria mtama na uwele. Mama yake alimfundisha kuponda udongo wa kichuguu, kuuchekecha, kuukanda kwa samadi ya ng'ombe na kuupiga kwa vibao mpaka ugumu. Wakati wa mavuno aliitwa huku na huku, hadi karibu na Sekenke.

Kisha biashara ikawa huria. Maturubai ya plastiki yakajaa madukani. Mtu anatandika lake uani, anapura, anakunja, basi.

"Msimu mmoja nilikaa nikisubiri kuitwa," anasema. "Hakuja mtu. Nikafikiri nimewakosea nini watu hawa, kumbe wamenunua maturubai."

Biashara hiyohiyo ndiyo iliyowanyang'anya wasichana wa kijiji mahali pa kucheza. Eneo la wazi karibu na ghala la zamani la ushirika liligawiwa wenye maduka. Mwalimu Luciana, mstaafu anayeishi peke yake, akatoa ua wake. Alitaka uwanja usiomsumbua.

"Nyasi zetu kiangazi zinakufa, masika zinageuka pori," anaeleza. "Saruji jua likiwaka inaunguza nyayo, na hawa wanacheza peku. Na mimi magoti haya, nitamwagilia nini?"

Theodora akaitwa. Akafanya kazi kwa ufundi wake wote, na mwishoni akainua ukingo pande zote nne, kimo cha kiganja, umenyooka vizuri. Katika kiwanja cha kupuria, ukingo ndio sifa ya fundi. Unazuia punje zisitawanyike.

Ila watu hupura kiangazi. Hakuna anayepura mvuani.

Mvua ya kwanza ilipopiga, ua ukajaa kama bakuli. Antipasi, jirani, alipita asubuhi akichunga ng'ombe wake.

"Theodora! Kumbe ni lambo? Si ungesema mapema, nisihangaike kupeleka ng'ombe mbali!"

"Pita na ng'ombe wako, Antipasi."

"Napita, mama. Bata wa mwalimu wanakushukuru sana."

Maji yalipopungua, samadi iliyolowa ikawa utelezi na nzi wakafuata. Mwaka huu mvua haziishi, na joto la mvuke halikuacha kitu kikauke. Dina, nahodha wa wasichana, alianguka akaumia kiwiko.

Mwalimu hakugomba. Theodora anasema afadhali angegomba. Alimwita taratibu kwa jina la mwanawe wa kwanza: "Mama Shukuru, rekebisha. Mvua kubwa ijayo maji yakituama tena, namwita fundi wa saruji."

Si hilo tu. Shule moja ya Kinyangiri ilikuwa imeulizia uwanja wa namna hiyo. Aibu ikifika huko, kazi imekwisha.

"Nilipiga magoti nikamwambia Mungu, sina kazi nyingine ninayoijua," anasema.

Kesho yake asubuhi alitoka kwenda kuchimba udongo, akafika kwenye kichuguu chake cha siku zote. Akasimama na jembe begani.

"Mvua yote ile, nacho kikavu. Nikajiuliza, maji yangekaa wapi juu ya mgongo ule? Nikacheka peke yangu. Miaka yote nachimba pale, sijawahi kukitazama."

Akavunja ukingo wote. Akafukua uso wa uwanja, akapanga kokoto chini, akatandaza mchanga wa korongoni, na juu yake udongo wa kichuguu bila samadi hata chembe. Katikati akapainua kidogo. Mpira ukiwekwa hautembei, lakini maji yanatembea hadi kwenye mitaro ya pembeni. Wanawake wenzake waliupiga kwa vibao wakiimba tenzi kwa Kinyiramba. Matunzo yake ni kusiriba nyufa kwa udongo uleule masika yakiisha.

Baada ya hapo ilibaki kungoja mvua kubwa. Jana usiku ilikuja.

"Bati lilikuwa linalia, na mimi nasali. Sikulala."

Sasa Mwalimu Luciana anatoka na fimbo yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Yamekwenda mtaroni."

Mwalimu anachoma fimbo huku, anachoma kule. Ncha haizami. Anaanza kucheka, na Theodora, ambaye bado ameshika kandambili zake, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi fundi wa saruji akatafute kwingine," mwalimu anasema. "Njoo unywe uji."

Baadaye wasichana wanaingia peku. Dina anarusha mpira, unadunda, mwenzake Witness anaudaka bila kuteleza. Antipasi anasimama njiani, ng'ombe nyuma yake.

"Lambo limekauka!" anapiga kelele.

"Wapeleke ng'ombe wako mbali!" Theodora anamjibu, na ua mzima unacheka.

Mavuno yakiisha anakwenda Kinyangiri; shule imekubali. Ana hofu moja tu.

"Mikono hii imezoea," anasema akiigeuza viganja juu. "Ikimaliza kupiga udongo, inataka kuinua ukingo. Kila jioni naomba Mungu aizuie."