Gari Lililoitwa Maziko

Wakati wa vita, mfanyabiashara wa Butembo akiagiza gari la kifahari, alilipatia jina kabla halijavuka mpaka. Likifika, jina liliandikwa juu ya kioo cha mbele, ili watu wajue mwenyewe ni mtu wa namna gani. Mjomba wangu alikuwa anangoja gari jeupe la jeep lenye viti vya ngozi, la kumpeleka binti yake kanisani siku ya ndoa. Alilichagulia jina la Simba.

Mke wake alicheka.

“Ukiandika Simba, basoda batalikamata ku barrière ya kwanza. Andika Maziko.”

“Maziko? Ku jeep ya mupya?”

“Donc unataka jina, ao unataka jeep?”

Liliandikwa Maziko, kwa rangi nyeusi. Askari walilitazama vizuizini, wakaliacha lipite. Gari la jirani yetu, lililoitwa Chui, lilichukuliwa.

Siku ya ndoa, binti wa mjomba alikataa kupanda.

“Baba, miye hapana maiti.”

Alikwenda kanisani kwa miguu, wanawake wakimwimbia. Mjomba aliendesha polepole nyuma yao, viti vyote vikiwa vitupu.